Mfumo uliounganishwa tayari upo, mama anaubeba kwenye bahasha

Leo naweka kando habari za simu na kompyuta za mkononi. Nataka tuzungumze juu ya milango. Nitafika kwenye programu, msiwe na wasiwasi, lakini kwanza milango.

Mtoto akizaliwa Kitale au Bungoma akiwa na mtindio wa ubongo, au ikigundulika kwamba hasikii, hakuna mlango mmoja wa kubisha. Iko mingi, na kila mmoja una mwenyewe. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, hospitali ni za kaunti. Kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, kile kinachoitwa EARC, ni cha Wizara ya Elimu, maana yake serikali kuu. Chekechea ni ya kaunti, lakini mtoto akivuka kwenda shule ya msingi amehamia tena serikali kuu. Kadi ya ulemavu inatolewa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD. Pesa za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba maskini inayomlea mtu mwenye ulemavu mkubwa, zina idara yake. Bima ni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024.

Kila mlango unataka namba yake. Mtoto ana namba ya cheti cha kuzaliwa. Ana namba ya kadi ya hospitali. Yumo kwenye SHA kupitia mzazi. EARC watamfungulia faili. Shule itamtafutia UPI, ile namba ya mwanafunzi iliyokuja na NEMIS mwaka 2017 na kuwasumbua sana wazazi ambao watoto wao hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. NCPWD watampa ya kwao. Inua Jamii watachukua kitambulisho cha mlezi. Ukiwa mwandishi wa programu kama mimi, ukiona mtu mmoja ana namba saba katika majedwali saba yasiyojuana, mkono unaanza kuwasha. Unataka kuchukua kalamu uchore mishale: hii iungane na ile, ile iungane na hii, katikati tuweke seva moja kubwa.

Mishale hiyo naomba isubiri. Maoni yangu ni kwamba shida yetu kubwa si kompyuta kutoongea. Shida ni kwamba hakuna mtu wa hapa, wa kuchaguliwa wala wa kuajiriwa, ambaye kazi yake ni kuuliza mtoto alipotelea wapi kati ya mlango mmoja na unaofuata. Iulize hospitali, itakujibu kwa ukweli kabisa kwamba ilimpima. Waulize EARC, watakujibu kwa ukweli kabisa kwamba humhudumia kila anayefika. Wote wamefanya kazi yao, na mtoto yuko nyumbani, ana miaka tisa.

Kwa sasa kuna mfumo mmoja tu uliounganisha milango hii yote. Ni bahasha ya khaki. Ndani yake mna Kijitabu cha Mama na Mtoto kilichochakaa kona, barua ya rufaa, fomu ya tathmini yenye mhuri, nakala mbili za kitambulisho na picha ndogo za pasipoti. (Zamani ulikuwa mfuko wa plastiki, lakini hiyo ilipigwa marufuku Agosti 2017.) Waya unaounganisha seva hizi ni mama mwenyewe, na umeme wake ni nauli ya boda boda. Nauli ikikosekana, mtandao umekatika.

Niliwahi kumsindikiza dadangu na mwanawe katika ofisi moja, sitaitaja. Karani alikuwa mtu mpole, tena mwenye adabu. Akapekua daftari lake, akatikisa kichwa.

"Mama, fomu kutoka hospitali haijatufikia."

"Na nani huileta, ndugu yangu?"

"Si ni wewe, mama."

Dadangu akafungua bahasha. Fomu ilikuwamo, imekaa miezi minne. Hospitalini aliambiwa atapigiwa simu, naye akasubiri simu. Hakuna aliyemdanganya na hakuna aliyekataa kumhudumia. Kwenye taarifa za hospitali, mtoto yule alikuwa ameshahudumiwa. Kwenye taarifa za ofisi ile, hakuwahi kuwepo. Miezi minne ya maisha yake haikuandikwa popote, kwa sababu kila ofisi huandika taarifa ya chumba chake, na hakuna anayeandika taarifa ya korido.

Kwa mtu mzima miezi minne ni usumbufu. Kwa mtoto ni kitu kingine. Mguu uliopinda tangu kuzaliwa unaweza kunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, bila upasuaji mkubwa, mtoto akianzishwa akiwa bado mchanga. Akichelewa, kazi inakuwa ngumu kila mwaka. Mtoto asiyesikia anahitaji lugha mapema, na kama lugha hiyo ni Lugha ya Ishara ya Kenya, anahitaji watu wa kuongea nayo. Kitale ina shule ya viziwi. Nalondo, kule Bungoma, kuna shule ya wenye ulemavu wa viungo. Shule zipo. Ninachotaka kujua ni mtoto anafika akiwa na umri gani, na nani hapa kwetu anaweza kunijibu bila kukisia.

Tena msiniambie kwamba sisi huku tuna uhaba wa teknolojia. Mfumo wa rekodi za wagonjwa wa kompyuta ulianza kutumika katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, mwaka 2001, wakati wengi wetu tulikuwa hatujawahi kufungua barua pepe. Kutokana na kazi hiyo, na kazi ya mpango wa AMPATH katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, ikazaliwa OpenMRS, programu huria iliyoanza kutengenezwa mwaka 2004, ikaanza kazi Eldoret mwaka 2006, na leo inatumika katika nchi nyingi duniani. AMPATH ilikuwa na kliniki Kitale na Webuye. Mwaka 2011 Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kusambaza DHIS2 nchi nzima, ile programu ya Chuo Kikuu cha Oslo ambayo hospitali zinaitumia kutuma hesabu zao za mwezi. Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wale tunaowaita CHP, walipewa simu na mikoba ya vifaa. Kwa hiyo kompyuta tunazo. Kanda hii imekuwa ikizitumia kwa afya kwa zaidi ya miaka ishirini.

Lakini tazama zinahesabu nini. Zinahesabu waliohudumiwa: wangapi walipimwa, wangapi walichanjwa, wangapi walilazwa. Hizo ni hesabu za ndani ya chumba. Hata sensa ya 2019, iliyosema asilimia 2.2 ya Wakenya wana ulemavu, ilitoa takwimu hiyo kwa watu wa miaka 5 na kuendelea. Wale ambao kuchelewa kunawaumiza zaidi, walio chini ya miaka mitano, hawamo.

Sasa najua kuna msomaji anasema: ndiyo maana tunahitaji hifadhidata moja! Namba moja kwa kila mtoto, kila ofisi iione, mambo yaishe. Nimewasikia watu wenye akili nyingi wakisema hivyo, na kiufundi si jambo gumu. Lakini tulishajaribu njia ya namba moja kwa haraka. Huduma Namba ilifikishwa Mahakama Kuu. Januari 2020 mahakama ilisema isiendelee bila kanuni kamili za kuilinda, na Oktoba 2021 ikasema utoaji wa kadi zake ulikuwa batili kwa sababu haikufanyiwa tathmini ya athari kwa usiri wa watu, kama Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inavyotaka. Ile ilikuwa data ya utambulisho. Hapa tunazungumzia taarifa za afya za watoto, na ulemavu juu yake, katika miji ambayo karani wa ofisi anaweza kuwa jirani yako wa plotini. Mimi sitaki faili la mpwa wangu lifunguke kwenye meza saba.

Na hata kama usiri ungekuwa salama kabisa, bado kuna jambo ambalo watu wa kompyuta hatupendi kulisema mbele ya mteja. Mifumo ikiunganishwa bila mtu wa kuuliza maswali, unapata mfumo mkubwa zaidi usioulizwa maswali. Kila programu niliyowahi kuiona ikidumu ilikuwa na mtu mmoja msumbufu anayetazama ripoti kila Jumatatu na kupiga simu. Akiondoka mtu huyo, ripoti huendelea kutoka, nzuri kabisa, na hakuna anayezisoma.

Kuhusu gharama ya kukosa msumbufu, Bungoma ina somo lake, na ni chungu. Tarehe 1 Juni 2013 serikali kuu ilitangaza kujifungua bure katika hospitali za umma. Wanawake wakaja kwa wingi, kama ilivyotakiwa. Lakini hospitali zilikuwa zikihamishiwa kaunti miezi hiyohiyo. Mmoja akatoa ahadi, mwingine akapokea umati. Agosti mwaka huo mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya Bungoma na kupigwa na wauguzi, na picha za video zikaonekana nchi nzima. Alienda mahakamani. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5, ikaamuru aombwe radhi, na ikasema serikali zote mbili, kuu na ya kaunti, zilishindwa kuweka na kutekeleza miongozo ya huduma za afya. Zote mbili. Kosa lilipita katikati yao, na ilichukua video moja na karibu miaka mitano ya kesi ili mtu mwenye mamlaka aliseme hivyo. Mama mwenye mtoto wa mahitaji maalum hana video. Anachokosa yeye hakionekani kwenye picha. Ni siku zinazopita tu.

Kuna suala jingine ambalo watu wa Nairobi hawalioni, nalo ni mpaka wetu. Chukulia mtoto wa mfano anayekaa Ndalu. Ndalu iko Kaunti ya Bungoma, eneo bunge la Tongaren, lakini mji mkubwa ulio karibu naye ni Kitale, ambao ni Trans Nzoia. Mama yake hatapanda gari kwenda hadi Bungoma mjini huku Kitale iko pale. Basi mtoto anapimwa Kitale, na anaongeza hesabu ya Trans Nzoia. Chekechea anasoma Bungoma. Kadi na Inua Jamii zinafuata makao yake, Bungoma. Mwakilishi wa wadi yake anakaa katika bunge la kaunti lililo Bungoma, ambalo halina usemi juu ya hospitali ya Kitale. Na wawakilishi wa Trans Nzoia, ambao wana usemi juu ya hospitali ile, mtoto huyu si wa kwao. Yeyote anayesafiri barabara ya Kitale, Kiminini, Kamukuywa hadi Webuye anajua kwamba mpaka huo hauuoni. Mafaili yanauona.

Wenzetu wa Uingereza walijaribu kitu ambacho nakipenda, ingawa si kwa sababu kimefaulu. Sheria yao ya 2014 ilileta mpango mmoja kwa kila mtoto mwenye mahitaji makubwa, unaojumuisha elimu, afya na huduma za jamii, na unaweza kwenda hadi miaka 25. Kuanzia 2016 wakaguzi wa elimu na wakaguzi wa afya wakawa wanaenda pamoja, na wanachokagua si shule wala hospitali, ni eneo zima. Yaani mtu anafika na kuuliza: ninyi wote wa mji huu, mtoto anapitaje kwenu? Sheria inawapa wiki 20 kumaliza mpango. Mwaka 2023 ni takriban nusu tu ya mipango iliyomalizika katika muda huo, na mwaka 2024 mkaguzi mkuu wa hesabu zao alisema mfumo ule hauwezi kuendelea hivyo kifedha. Kwa hiyo siwatamanishi. Kinachonivutia ni kwamba wanajua ni nusu. Mtu alihesabu siku kutoka mlango hadi mlango, akaichapisha, na wazazi wakapata kitu cha kushika mkononi wanapogombana na wakubwa. Sisi pengine tuko vibaya zaidi, pengine hata vizuri zaidi kwa magonjwa fulani, na hakuna namba ya kugombania.

Haya, nani wa kuhesabu hapa kwetu? Watu husema inahitajika sheria mpya. Sheria mpya tumepata nyingi. Kuna Sheria ya Watoto ya 2022, yenye kamati za ushauri wa watoto hadi ngazi ya kaunti. Kuna Sheria ya Afya ya Kidijitali na Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi, zote za 2023. Kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Sitaki nyingine. Nataka mtu afungue Katiba ya 2010 kwenye Kifungu cha 195. Kinasema bunge la kaunti, au kamati yake yoyote, lina uwezo wa kumwita mtu yeyote atoe ushahidi au habari. Hakisemi mfanyakazi wa kaunti. Kinasema mtu yeyote. Kwa jinsi ninavyokisoma, kamati ya afya ya bunge la kaunti pale Kitale inaweza kumwita msimamizi wa hospitali, afisa wa EARC, mratibu wa NCPWD na afisa wa Inua Jamii, wote siku moja, meza moja. Kifungu cha 189 nacho kinaruhusu serikali za kaunti kuunda kamati za pamoja, kwa hiyo Kitale na Bungoma wanaweza kumfuata mtoto wa Ndalu pande zote za mpaka. Mamlaka yapo. Kinachokosekana ni swali, na karatasi yenye namba za kuanzia kuuliza.

Sasa tumefika kwenye programu, na mtasikitika kidogo, kwa sababu ninachopendekeza ni mhuri.

Kijitabu cha Mama na Mtoto kiongezewe ukurasa mmoja, kama ukurasa wa viza kwenye pasipoti, uwe na visanduku vitano vya tarehe. Siku mzazi au mhudumu aliposema kwa mara ya kwanza kwamba kuna kitu hakiko sawa. Siku hospitali ilipompima. Siku EARC ilipomtathmini. Siku alipoanza shule au mazoezi ya viungo. Siku kadi au pesa ya kwanza ilipofika. Kila mlango unagonga mhuri wake na kuandika tarehe. Hakuna namba mpya, hakuna jina linalosafiri kwenye waya, na kijitabu kinabaki kwa mama, pale kinapokaa sasa.

Kisha CHP. Kila CHP ana nyumba takriban 100. Akipita nyumbani anaomba kuona ukurasa ule, na kwenye simu yake anaingiza visanduku vipi vimejaa na kuna siku ngapi kati yake. Jina haliingizwi. Kila miezi mitatu hesabu ya wadi nzima inapelekwa kwa kamati, ukurasa mmoja wa Excel, basi. Wadi ikiwa na watoto wachache sana, tuseme chini ya watano, isitajwe peke yake, iunganishwe na jirani, la sivyo kijiji kizima kitajua ni mtoto wa nani.

Kwa nini hesabu ianzie nyumbani na si ofisini? Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana ndipo ninapoona mifumo mingi inajidanganya. Ukiwauliza EARC watoto wamesubiri siku ngapi, watahesabu waliofika. Lakini aliyesubiri zaidi ya wote ni yule ambaye hajafika hadi leo, na huyo hayumo kwenye daftari lao. Ofisi mbaya kabisa, ambayo watu wamekata tamaa nayo na hawaendi, inaweza kuonyesha muda mfupi wa kusubiri kuliko ofisi nzuri, kwa kuwa wanaofika ni wale wachache wenye gari na simu ya mkubwa fulani. Hesabu ya mlangoni humsahau aliyerudi njiani. Hesabu ya nyumbani inamkuta ameketi kwenye mkeka. Kwa hiyo namba ya kwanza ambayo kamati inapaswa kuiona ni hii: watoto wangapi wana kisanduku cha kwanza kimejaa, cha pili kitupu, na miezi sita imepita. Muda wa kusubiri wa waliofika uje baadaye, na tafadhali usiwe wastani. Mtoto mmoja aliyesubiri miaka sita anauvuruga wastani wote. Wapangeni watoto kwa siku walizosubiri, mumchukue wa katikati.

Kuna atakayesema ofisi zitadanganya, zitagonga mihuri ya tarehe za uongo. Baadhi zitadanganya. Lakini kijitabu kiko kwa mama, na mama hasahau siku aliyolipa nauli mara mbili. Kudanganya ndani ya kompyuta yako ni rahisi kuliko kudanganya ndani ya kitabu cha mtu mwingine.

Kizuizi kigumu zaidi ni wawakilishi wenyewe. Mwakilishi wa wadi huulizwa barabara, basari na maji. Watoto hawa ni wachache katika kila wadi, mama zao hawana muda wa mikutano kwa sababu wanalea, na baadhi ya familia bado huwaficha. Siwezi kulitatua hilo kwa programu. Ninachojua ni kwamba namba ya wadi yako, ikiwekwa kando ya namba ya wadi jirani, huwa inamkera mwanasiasa kuliko hotuba yoyote. Kiminini ikionekana kuishinda Kimilili, au kinyume chake, mtu atataka kujua sababu kabla ya uchaguzi. Sitaki kujifanya kwamba hilo ni jambo la heshima sana, lakini ndivyo barabara nyingi zilivyopata lami.

Na afisa wa serikali kuu akikataa kuitika wito wa kamati, akisema bosi wake yuko Nairobi? Hilo linaweza kutokea, na si kila kamati itakuwa na moyo wa kumfuatilia. Lakini kukataa kwenyewe kutaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, na afadhali kukataa kulikoandikwa kuliko hali ya sasa ambapo hakuna aliyemwita.

Wakati tunangojea, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu raia yeyote kuomba habari kutoka ofisi ya umma, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Nimeandika barua mbili zinazofanana, moja ya hospitali kuu ya kaunti hapa Kitale na moja ya ile ya Bungoma. Zinauliza jambo moja tu: kati ya watoto walio chini ya miaka minane waliopimwa ulemavu kwenu mwaka uliopita, mnajua wangapi walifika EARC, na kama hamjui, nani anapaswa kujua? Nitazipeleka kwa mkono Jumatatu, niombe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu.